MAISHA YA ALFRED FLATOW, MSHINDI WA JIMNASTIKI (1869–1942)



Tunajua wote namna saa ya jimnastiki inavyokuwa. Mwalimu akitoa mupira, tunashangilia. Akisema tupange mistari, tunyooshe mikono na kupinda magoti, tunaanza kununa, na wengine gafula tumbo linawauma. Tunazarau jimnastiki, tunafikiri si mchezo wa kweli. Kumbe ni mchezo wa heshima kubwa. Michezo ya Olimpiki ya siku hizi ilipoanza mwaka wa 1896, jimnastiki ilikuwamo, na tangu mwaka ule mpaka leo haijakosa hata mara moja.

Leo tunataka kuwaeleza maisha ya mtu mmoja aliyeshinda katika michezo ile ya kwanza. Jina lake ni Alfred Flatow. Kwa siku mbili tu alipata ushindi mara 3. Lakini alipokuwa muzee, wenzake wa jimnastiki wakafuta jina lake, na mwisho akafa kwa njaa katika kambi ya wafungwa. Tutaeleza polepole, kwa sababu habari hii si ya michezo tu.

1. UTOTO NA UJANA WAKE

Alfred Flatow alizaliwa tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 1869 katika mji wa Danzig, mji wa bandari kando ya bahari ya Baltiki. Wakati ule mji huo ulikuwa wa Wajerumani. Leo unaitwa Gdańsk, nao uko katika inchi ya Polandi. Wazazi wake walikuwa Wayuda. Watu wa jamaa hiyo walikaa Ujerumani, walisema luga ya Kijerumani, na walijihesabu kuwa wenyeji kama jirani zao.

Mwaka wa 1887, alipokuwa karibu kutimiza miaka 18, Alfred alifika Berlin, mji mkubwa wa Ujerumani. Akaingia katika chama cha jimnastiki.

Hapa inafaa tueleze kidogo vyama hivi vilikuwa namna gani. Mwaka wa 1811 mwalimu mmoja, Friedrich Ludwig Jahn, alifungua uwanja wa mazoezi fasi inayoitwa Hasenheide, pale Berlin. Wakati ule askari wa Napoleon wa Ufaransa walikuwa wanatawala sehemu kubwa ya Ulaya. Jahn alitaka vijana wa Ujerumani wawe na mwili wenye nguvu, ili siku moja wawafukuze Wafaransa. Akasimamisha miti ya kupandia, vyuma vya kuning'inia, na miti miwili iliyolazwa sambamba ya kujiinulia kwa mikono. Ni kwa hiyo jimnastiki ya Wajerumani tangu kuzaliwa kwake ilichanganyika na mambo ya kupenda inchi.

Baadaye vyama viliongezeka katika miji yote, hata mwaka wa 1868 vikaunganishwa kuwa shirika moja kubwa, Deutsche Turnerschaft. Katika vyama hivyo watu hawakufanya mazoezi tu. Waliimba pamoja, walitembea pamoja mashambani, walifanya sikukuu na kubeba bendera. Kijana aliyetoka mbali kama Alfred, akiingia katika chama namna hii, alikuwa amepata jamaa ya pili. Jina lake likaandikwa katika listi ya wanachama, naye akabaki humo miaka 46.

2. SAFARI ILIYOKATAZWA

Mwaka wa 1894 Mfaransa mmoja, Pierre de Coubertin, alikusanya watu wa inchi mbalimbali pale Paris. Wakapatana kufufua michezo ya zamani ya Wagiriki. Wakakata shauri kwamba michezo ya kwanza ifanyike mwaka wa 1896 katika mji wa Athens, ndio Atene tunaousoma katika kitabu cha Matendo ya Mitume, fasi Paulo alipobishana na wenye elimu.

Wakubwa wa Deutsche Turnerschaft hawakufurahi hata kidogo. Kwanza, mambo yameanzishwa na Mfaransa, na vita ya 1870 kati ya inchi hizi mbili ilikuwa haijasahaulika. Pili, walisema jimnastiki ya kweli ni ya kujenga taifa lao wenyewe, si ya kushindana na wageni juu ya medali. Kwa hiyo wakakatalia watu wao wasiende.

Lakini bwana mmoja wa Berlin, Daktari Willibald Gebhardt, aliona kwamba ni vizuri Wajerumani wakutane na mataifa mengine. Akaunda kamati, akatafuta feza, akatafuta na watu wenye moyo. Wanajimnastiki 10 wakakubali kwenda ijapokuwa wakubwa wao walikataa. Katika hao 10 walikuwamo Alfred Flatow, miaka 26, na kuzeni wake Gustav Felix Flatow, miaka 21. Walikuwamo pia Carl Schuhmann na Hermann Weingärtner, ambao majina yao tutayakuta tena.

Tufikiri kidogo. Vijana hawa walikuwa wanakipenda chama chao, na walijua kwamba wakirudi wataulizwa. Walienda hata hivyo.

3. SIKU MBILI ZA ATHENS

Michezo ilifunguliwa tarehe 6 mwezi wa 4 mwaka wa 1896 na Mfalme George wa Ugiriki. Uwanja ulikuwa wa zamani sana. Wagiriki walikuwa wameutengeneza upya kwa mawe meupe ya marmari, na tajiri mmoja, Georgios Averoff, ndiye alitoa feza nyingi za kazi hiyo. Waliocheza walikuwa wanaume tu, zaidi kidogo ya 200. Wanawake walikuwa hawajaruhusiwa bado.

Tusifikiri jimnastiki ya wakati ule ilikuwa kama ile inayoonyeshwa leo katika televisheni, ndani ya nyumba kubwa, na tapi nene za kuangukia. Ilifanyika inje, katikati ya uwanja, upepo ukipiga. Kulikuwa na mashindano ya aina 8: kuruka farasi wa mti, kuzunguka juu ya farasi wa vishikio, pete, chuma kimoja cha juu, miti miwili ya sambamba, kupanda kamba, na mara mbili mashindano ya kikundi.

Tarehe 9 mwezi wa 4 vikundi viliitwa. Katika mashindano ya kikundi juu ya miti miwili, Wajerumani walikutana na vyama viwili vya Wagiriki. Kikundi kizima kinapanda pamoja, mkubwa wao anaongoza, na waamuzi wanaangalia kama watu wote wanakwenda sawasawa, kama nguvu iko, kama mambo wanayoyafanya ni magumu. Wajerumani wakashinda. Katika mashindano ya kikundi ya chuma cha juu, hakuna kikundi kingine kilichojitokeza. Wajerumani wakafanya peke yao, wakapewa ushindi. Alfred alikuwamo mara zote mbili.

Kiisha kila mtu akaitwa kwa jina lake. Kwa chuma cha juu, Hermann Weingärtner akawa wa kwanza na Alfred akawa wa pili. Tarehe 10 ikafika zamu ya miti miwili ya sambamba, mtu peke yake. Mchezo huu unaonekana mwepesi kwa mwenye kutazama. Mtu anashika miti, anajiinua, miguu inapelekwa mbele na nyuma, anasimama kwa mikono, kichwa chini, anashuka bila kutetemeka. Lakini yeye mwenyewe anabeba mwili mzima juu ya mabega mawili, na akikosa kidogo tu kila mtu anaona. Siku ile Alfred Flatow ndiye alikuwa wa kwanza. Louis Zutter wa Uswisi akamfuata. Zutter huyu alikuwa ameshinda juu ya farasi wa vishikio.

Wagiriki nao hawakutoka mikono mitupu. Ioannis Mitropoulos alishinda kwa pete, na Nikolaos Andriakopoulos alishinda kwa kupanda kamba, akifika juu mita 14 kwa sekunde 23 na kidogo. Carl Schuhmann, yule Mjerumani, alishinda kuruka farasi, na zaidi ya jimnastiki akaingia mashindano ya mieleka, akashinda vilevile.

Tarehe 15 zawadi zikatolewa. Wakati ule medali ya zahabu haikuwako. Wa kwanza alipewa medali ya feza, tawi la mzeituni na karatasi ya heshima. Alfred Flatow akarudi na ushindi 3 na nafasi ya pili moja. Ni watu wachache sana waliotoka Athens na vitu vingi kuliko yeye.

4. KURUDI NYUMBANI

Huenda ninyi mnafikiri kwamba walipofika Berlin walipokelewa kwa ngoma na nyimbo. Sivyo. Shirika lao likawapa azabu. Waliambiwa kwamba wamefanya jambo lisilofaa kwa Mjerumani, wakazuiwa miaka 2 kushindana.

Alfred hakukasirika mpaka kuacha chama. Aliivumilia azabu ile, naye akaendelea kuwa mwanachama mwaminifu. Gustav Felix alikwenda tena kwa michezo ya Paris mwaka wa 1900, lakini safari hii hakupata medali. Kiisha kila mmoja akaendelea na maisha yake. Vita kubwa ya 1914 ikaja, ikapita. Vijana wa Athens wakawa watu wazima, kiisha wazee.

Hapa tutaje habari ya Hermann Weingärtner. Mwaka wa 1919 mtu mmoja alikuwa anazama katika mto Oder. Weingärtner, aliyekuwa na miaka zaidi ya 50, akaingia majini kumwokoa, akafa yeye. Tunaomba msisahau jambo hili, tutalirudilia mbele.

5. JINA LINAFUTWA

Mwezi wa 1 mwaka wa 1933 Adolf Hitler alipewa utawala wa Ujerumani. Chama chake kilikuwa kinafundisha kwamba Wayuda ni adui wa taifa na kwamba hawawezi kuwa Wajerumani wa kweli, hata kama wamezaliwa pale wao na babu zao.

Sasa msomaji atazame vizuri jambo lililofuata. Mwezi wa 4 mwaka ule ule, wakubwa wa Deutsche Turnerschaft walikata shauri kwamba Wayuda wote watoke katika vyama vya jimnastiki. Hata mtu ambaye babu yake mmoja tu alikuwa Muyuda alipaswa kutoka. Wakubwa hawa hawakungoja kulazimishwa na serikali. Walikimbilia wao wenyewe, ili wapendeze watawala wapya na shirika lao lipate nafasi nzuri.

Hivi Alfred Flatow, mwanachama kwa miaka 46, mshindi wa Athens, akatolewa. Alikuwa na miaka 63. Hakuiba feza za chama. Hakupigana na mtu. Hakuna sheria ya chama aliyoivunja. Katika listi ile ile ambamo jina lake liliandikwa alipokuwa kijana wa miaka 17, likafutwa juu ya jambo moja tu: kuzaliwa kwake.

Siku ile hakuna aliyepigwa wala kufungwa. Ilikuwa kazi ya karatasi, ya watu waliokaa mezani na kalamu. Wanachama walikuwa maelfu na maelfu, watu waliokuwa wameimba naye, waliokuwa wamejifunza mbele yake. Kama wengi wangekataa, kazi ile ingekuwa ngumu. Lakini kila mmoja aliogopa mambo yake, au alifikiri kwamba si yeye anayeguswa, au labda alifurahi kidogo moyoni. Listi ikaendelea bila yeye.

Na lile shirika je, lilipata faida gani? Watawala hawakutaka shirika lo lote lililo kubwa kusimama peke yake. Mwaka wa 1936 ulipokwisha, Deutsche Turnerschaft haikuwako tena. Wale waliofuta majina ya wenzao wakajikuta shirika lao lenyewe limefutwa.

6. MICHEZO YA BERLIN, 1936

Mwaka wa 1936 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Berlin, katika mji ule ambamo Alfred alijifunza jimnastiki. Walijenga uwanja mkubwa wa watu 100.000. Wageni wa dunia nzima wakaja. Kwa siku zile serikali ikaamuru maandishi mengi ya kuwatukana Wayuda yaondolewe barabarani, ili wageni wasione. Lakini sheria za 1935, zilizowanyang'anya Wayuda haki ya mwenyeji, hazikuondolewa.

Jimnastiki ilifanyika katika uwanja wa inje wenye viti vya kupanda kilima, karibu na uwanja mkubwa. Wajerumani walishinda kama kikundi, kwa wanaume na kwa wanawake pia, kwa sababu sasa wanawake waliruhusiwa. Alfred Schwarzmann alipata medali 3 za zahabu, na Konrad Frey vilevile 3. Moja ya hizo za Frey ilikuwa ya miti miwili ya sambamba. Ni ushindi ule ule ambao Alfred Flatow aliwaletea Wajerumani miaka 40 mbele.

Siku ya ufunguzi alikuwapo muzee mmoja wa Ugiriki, Spyridon Louis, yule aliyeshinda mbio ndefu ya maraton mwaka wa 1896. Alivaa mavazi ya kikwao, akamletea Hitler tawi la mzeituni kutoka Olympia. Basi, watu walikumbuka vizuri mambo ya Athens. Waliheshimu mshindi mgeni aliyetoka mbali. Mshindi wao wenyewe, mwenye tawi lake la mzeituni la mwaka ule ule, hakuwa tena na ruhusa hata ya kuingia katika chama cha mtaa kufanya mazoezi ya kizee.

7. MIAKA YA GIZA

Baada ya wageni kurudi kwao, mambo yakazidi. Mwezi wa 11 mwaka wa 1938 masinagogi yalichomwa moto katika Ujerumani yote, na maduka ya Wayuda yakavunjwa. Tangu mwanzo wa 1939 kila mwanaume Muyuda alilazimishwa kuongeza jina la Israel juu ya jina lake, na kila mwanamke jina la Sara, kusudi watambulikane katika kila karatasi. Mwezi wa 9 mwaka wa 1941 wakaamriwa kushona nyota ya manjano juu ya nguo. Mwezi wa 10 mwaka ule magari ya moshi yakaanza kuwatoa Berlin na kuwapeleka mashariki.

Tuone namna mambo yalivyofuatana. Kwanza listi ya chama. Kiisha listi ya kazi, listi ya majina, listi ya nyota. Mwishoni listi ya gari la moshi. Mtu aliyezoea kufuta jina katika listi ya kwanza hakuona ajabu sana alipoona ile ya mwisho.

Wazee Wayuda wa Ujerumani wengi walipelekwa Theresienstadt, mji wa zamani wa ngome, ambao leo unaitwa Terezín katika inchi ya Cheki. Walidanganywa kwamba ni fasi ya kupumzikia wazee. Wengine walitiishwa sini juu ya karatasi za kulipa feza zao zote, eti wanajinunulia chumba na chakula mpaka kufa. Walipofika walikuta watu wamejazana vyumbani na juu ya nyumba chini ya vigae, wagonjwa wengi, na chakula kidogo sana. Watu zaidi ya 140.000 walipelekwa Theresienstadt katika miaka ile. Karibu 33.000 walifia pale pale, na wengine zaidi ya 80.000 walipelekwa mbele, wengi wao kuuawa.

Alfred Flatow alipelekwa huko mwezi wa 10 mwaka wa 1942, mwezi ambao alitimiza miaka 73. Hakumaliza miezi 3. Tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka wa 1942 akafa. Mikono iliyokuwa imebeba mwili wake juu ya miti miwili pale Athens haikuweza tena kumwinua.

8. KUZENI WAKE

Gustav Felix alikuwa amekimbilia Uholanzi tangu 1933, akakaa Rotterdam. Lakini mwaka wa 1940 askari wa Ujerumani waliingia Uholanzi pia, na sheria zile zile zikamfuata. Mwisho wa mwaka wa 1943 akakamatwa pamoja na watu wa jamaa yake. Mwaka wa 1944 akafikishwa Theresienstadt, fasi kuzeni wake alifia. Akafa huko kwa njaa tarehe 29 mwezi wa 1 mwaka wa 1945. Vita ilikuwa imebakiza miezi 3 na siku chache tu.

Hivi wawili kati ya wale vijana 10 wa Athens walikufa katika mji mmoja, mkononi mwa serikali ya inchi waliyoiletea ushindi.

9. JINA LINARUDI

Kwa miaka mingi baada ya vita majina yao yalikuwa yamesahauliwa. Polepole watu wakaanza kuyatafuta. Mwaka wa 1987 shirika jipya la jimnastiki la Ujerumani lilianzisha medali ya heshima inayoitwa medali ya Flatow. Mwaka wa 1996, miaka 100 baada ya michezo ya Athens, posta ya Ujerumani ilitoa tembere yenye sura za kuzeni hawa wawili. Mwaka wa 1997 barabara moja ya Berlin, iliyokuwa na jina la uwanja wa wakati wa Hitler, iligeuzwa jina. Sasa inaitwa Flatowallee, maana yake barabara ya Flatow, nayo iko karibu kabisa na ule uwanja mkubwa wa 1936. Mtu anayekwenda kutazama mupira kule anaweza kupita juu ya jina lao. Tena Berlin kuna kibao kidogo cha shaba chini ya miguu ya wapita njia, kimewekwa kwa ukumbusho wa Alfred.

Mambo haya ni mazuri. Lakini hayakumpa muzee yule hata kipande kimoja cha mkate.

10. SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Wanafunzi wenzetu, wengine watasema kwamba habari hii ni ya Ulaya, ya zamani, haituhusu. Sisi tunaona inatuhusu, kwa sababu sisi pia tunaishi na listi. Iko listi ya ekipi ya mupira, listi ya kwaya, listi ya kikundi cha kujisomea jioni, listi ya chumba cha kulala. Na mara nyingine tunasikia maneno ya chini chini: huyu asiandikwe, kwao si hapa, luga yake si yetu, baba yake ni wa kabila fulani. Mara nyingi yule kijana ni mchezaji mwema kuliko wote. Tunanyamaza, kwa sababu jina letu limekwisha kuandikwa.

Hatusemi kwamba kila listi mbaya inafika Theresienstadt. Lakini Theresienstadt ilianza na listi namna hiyo, na ilianza kwa watu wenye elimu, wenye nyimbo nzuri na mwili wa afya. Jimnastiki iliwapa mikono yenye nguvu, lakini haikuwapa moyo wa kukataa. Moyo ule kila mtu anaujenga mwenyewe, mapema, kwa mambo madogo.

Sasa tukumbuke Weingärtner. Yeye alipoona mtu anazama, hakuuliza kwanza ni wa wapi. Aliingia majini. Mwaka wa 1933 Alfred Flatow alikuwa anazama mbele ya macho ya wenzake, katika maji yaliyokuwa bado ya kufika magoti. Wangeweza kumvuta bila hatari kubwa. Miaka 9 baadaye maji yalikuwa marefu mno.

Tunawaachia maulizo 3, mjibizane darasani au jioni:
– Kwa nini wakubwa wa jimnastiki walimtoa Alfred mbele serikali haijawalazimisha?
– Ni wakati gani ilikuwa rahisi zaidi kumsaidia, na ni nani angeweza kufanya hivyo?
– Katika listi zetu za hapa, liko jina ambalo limekosekana? Kwa sababu gani?

Na wiki ijayo, mwalimu wa jimnastiki akisema tupange mistari, tupange bila kununa. Mwenye kusimama kandokando peke yake, tumwite aingie katika mstari.